Siku ile nilivuta bwato kwa pikapu yangu

Mwezi uliopita kijana mumoja wa parokia yetu alikuja kwangu nyumbani kuniuliza kama pikapu yake inaweza kuvuta bwato yenye kabini, ile ya wakubwa wake wa kazi. Akasema: "Muzee, banasema we ulishakavuta moja. Uniambie tu ni vitesi ngapi." Nikamwambia akae kwanza chini, nikamwomba mama atuletee maji. Kwa sababu ile swali ya vitesi njo ya mwisho kabisa. Mimi pia nilianza nayo, na kidogo tu ningezika mutoto wa dada yangu.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2012, wakati Kolwezi na Likasi zingali katika jimbo moja la Katanga, mbele ya kuigawanya mwaka 2015. Miaka 26 nilikuwa shofere wa mugodi. Nilipeleka makamyo ya udongo wa shaba, yenye magurudumu marefu kupita kichwa cha muntu. Nikastaafu, nikapata pikapu yangu ya mazutu, nikaanza kubeba mizigo ya watu. Ninawaambia hii siyo kwa kujisifu. Ninawaambia kwa sababu ile miaka 26 njo ilinidanganya. Kamyo ya mugodi inabeba muzigo mugongoni mwake. Haivuti kintu nyuma. Shofere anaweza kuzeeka kwenye kazi kama ile bila kujifunza hata siku moja ginsi gani remorke inafikiri.

Bwato yenyewe ilikuwa ya Muzungu mumoja aliyekuwa akitembea nayo siku za mungu kwenye ziwa la Nzilo, ile maji iliyozaliwa na ukuta uliojengwa juu ya mto Lualaba miaka ya 1950. Alipoondoka kwenda kwao, akaachia watu wa kanisa. Wakubwa wa parokia wakapatana ipelekwe ku Kapolowe Mission, pembeni ya ziwa Tshangalele, kusudi wagonjwa wa kambi za wavuvi wasilale tena siku mbili wakingojea mutumbwi. Ziwa lile pia ni la kutengenezwa: ukuta wa Mwadingusha ulifunga mto Lufira, na tangu mwaka 1930 maji inalala pale. Ni ziwa la maji fupi, lenye majani mengi. Watu wengine walisema bwato ile ni kubwa mno kwa fasi kama ile. Hawakukosea sana, lakini ile ni habari ingine.

Mupe akaniita. "Baba, tunajua we ni shofere. Pikapu yako itaweza?" Namna gani nitamujibu mupe kwamba sijui? Nikasema itaweza. Sikuuliza hata bwato inapima kilo ngapi.

Ilikuwa na urefu wa metre 7, na kabini nyeupe ya kulala watu wawili, na motere moja kubwa ya esansi ikininginia nyuma. Ilikuwa imekaa juu ya remorke ya magurudumu manne, chini ya muembe, miaka sita. Kuku walikuwa wanataga mayai ndani yake. Nilizunguka mara moja, nikapiga pine teke kama tunavyofanya wote, nikaona pine bado iko na meno muzuri. Nikashika shingo ya remorke kwa mikono miwili, nikainyanyua mimi peke yangu, nikaiweka juu ya kichwa cha chuma cha pikapu. Nikafurahi sana. Nikasema: kumbe hii kintu ni nyepesi! Mushike hii neno, nitairudilia.

Mama wa watoto alikuwa amekuja na mimi Kolwezi kuona dada yake. Ule mwaka mahindi ilitoka muzuri kwa shemeji, wakatupa mifuko sita ya kilo 50. Mama akaniuliza tutaweka wapi, maana mugongo wa pikapu ulikuwa umejaa vyombo. Akaangalia bwato, akasema: "Baba, si ile nyumba iko wazi?" Na kweli, ilikuwa kama nyumba bila watu. Tukapanga mifuko yote sita pale nyuma, karibu na motere, kwa sababu pale njo pako mulango mupana. Wasiseme kwamba ni kosa ya mama. Aliniuliza, nikakubali, tena nikasaidia kupakia.

Mupe akaja na maji ya baraka, akanyunyizia bwato, remorke, pikapu na sisi wote. Tukaenda. Baraka ni ya kweli, ninaiamini. Lakini maji ya baraka haijazi kipompi cha freni, na kile kipompi kilikuwa kikavu tangu miaka mingi.

Nieleze kidogo. Remorke nzito kama ile inapaswa kuwa na freni yake yenyewe. Hiyo yetu ilikuwa na namna ile ya kusukumwa: pikapu ikipunguza mbio, remorke inakuja mbele kwa uzito wake, ule musukumo unafinya kipompi kwenye shingo yake, mafuta inakimbia mpaka kwenye magurudumu, nayo inajishika. Ni akili nzuri, haiombi waya wala kifungo. Lakini kama mafuta imekauka, remorke inakusukuma tu. Ungepaswa kwenda pole pole metre 20, kufunga freni, na kusikiliza kama nyuma pia panashika. Sikufanya. Nilipima taa tu, kwa sababu taa njo polisi anaangalia kwenye baryeri.

Mupwa wangu, kijana wa miaka 17, alikuwa na sisi. Mbele tulikuwa watatu na vitu vya mama. Akaniomba: "Mujomba, minaweza kulala mule mu kabini?" Nikakatala. Hapo angalau nilikuwa na akili. Akapanda nyuma ya pikapu katikati ya vyombo. Tukatoka Kolwezi saa moja ya asubui. Njia ya kufika Likasi ni karibu kilometre 180.

Mwanzo ulikuwa muzuri. Pikapu ilivuta. Nilisikia tu kwamba mbele pamekuwa pepesi, kama usukani umepakwa mafuta. Kila kamyo ya Zambia ilipotupita, upepo wake ulisukuma nyuma yetu kidogo, kiisha inarudi yenyewe. Mama akasema: "Baba, inacheza." Nikamwambia ni upepo.

Kisha Fungurume tulisimama kununua maji. Pale njo mupwa, akiwa amechoka na vumbi na baridi, alipanda ndani ya bwato na kulala. Hakusema kwa muntu. Mimi nilipiga motere na kwenda, nikifikiri yuko nyuma yangu chini ya turubai.

Mbele ya kufika Likasi njia inaingia mu milima. Wale wanaoijua wanajua. Pale kwenye mutelemuko mumoja murefu nilikuwa nikienda 75 kwa saa. Upande wa kuume, watu wanne walikuwa wakisukuma kinga zao za makala, mifuko mirefu mpaka kichwani, kama tunavyowaona kila siku. Nikasogea kushoto kidogo kuwaachilia fasi. Nikarudi kuume. Na ile kurudi, remorke haikurudi na mimi. Ilienda kuume, ikapita, ikarudi kushoto na nguvu zaidi, ikavuta mukia wa pikapu. Mara ya tatu niliona bwato yote ndani ya kioo cha pembeni, kama nyumba inayotaka kunipita.

Nilifanya nini? Nilikanyaga freni. Mimi, shofere wa miaka 26. Na pikapu ilipojishika mbele, remorke yenye kukosa freni ikaja na uzito wake wote kusukuma mukia wetu pembeni. Ikawa mubaya mara mbili. Mama akaita jina la Bikira Maria. Sijui ni nini iliniambia kuondoa muguu. Pengine woga tu. Niliondoa muguu kwenye freni, nisiweke kwenye mazutu, nikashika usukani katikati bila kufwata ile kucheza, nikaacha motere yenyewe ivute nyuma. Ikacheza tena mara mbili, mara tatu, kila mara kidogo zaidi. Kiisha gurudumu la remorke likatoka kwenye lami, likaingia mu majani, tukasimama. Bwato ilikuwa imefunga nusu ya barabara.

Wale watu wa makala walikuwa wameruka kwenye mufereji. Watatu waliokoa kinga zao. Ya nne ilikuwa chini ya gurudumu la remorke, imejikunja kama waya, na makala imesambaa fasi yote. Mwenye kinga, muzee kunipita mimi, alisimama, akaniangalia, akauliza pole pole: "We njo shofere?" Hakutukana. Ingekuwa heri anitukane.

Wakati ule mulango wa kabini ukafunguka. Mupwa wangu akatoka, damu ikishuka toka kwenye paji la uso mpaka kwenye shati. Nilikuwa sijui hata kwamba yuko mule. Miguu yangu ikakatika, nikaketi juu ya lami. Mama alimufunga na kitambaa chake, na kidonda hakikuwa kirefu, ashukuriwe Mungu. Lakini fikirini kama bwato ingejitosha kwenye remorke. Ilikuwa imefungwa na kamba ya treyi ya mbele tu, na kamba mbili za nailoni nyuma ambazo nilinunua sokoni. Moja ilikuwa imekatika. Kuanzia siku ile, mbele ya kuondoka, ninafungua kila mulango wa kila kintu ninachovuta, ninaangalia ndani na macho yangu, na ninahesabu watu. Muntu hakai ndani ya kintu kinachovutwa, hata kwa kilometre moja, hata kama ni mufalme.

Muzee wa makala tulimulipa na mifuko miwili ya mahindi, na franga za kinga nilimuletea juma la pili. Mama mwenyewe alisema tumupe mahindi.

Tukashusha mifuko iliyobaki, tukafungua maji ya tanki ikamwagika, tukakokota bwato pole pole sana mpaka kwenye mugini wa karibu. Katekista wa pale akatupa kiwanja cha kapela. Nilimupigia mupe simu. Hakufurahi, maana wamama wa parokia walikuwa wameshapika kule Kapolowe. Nikamwambia: "Mupe, bwato haitembei tena na mimi mpaka nijue sababu." Siku ile nilikuwa na haya, lakini haya ni kitu chepesi kubeba.

Kesho yake nikamuleta sudere mumoja wa Likasi, muzee aliyefanya kazi kwenye atelye ya njia ya reli. Alikuja na pikipiki na sanduku lake. Hakugusa kintu. Akaomba karatasi na bic. "Sema: inapima ngapi?" Nikasema sijui. Akacheka. Tukatafuta kibati cha bwato na kile cha remorke, tukaandika. Bwato bila motere: kilo 1,520. Motere: 230. Remorke: 600. Esansi litre 200, maana Muzungu aliacha tanki imejaa: karibu kilo 150, kwa sababu litre ya esansi haifiki kilo, ni gramu 740 hivi. Maji litre 80: kilo 80. Nanga na munyororo wake, bateri, kamba: 100. Mahindi yetu: 300. Pamoja: kilo 2,980. Kiisha akaniambia nifungue kitabu cha pikapu yangu, kile nilikuwa sijafungua tangu niinunue. Kiliandika kwamba inaruhusiwa kuvuta kilo 2,250 kama remorke iko na freni, na 750 tu kama haina. Yetu ilikuwa na freni iliyokufa. Basi mimi nilikuwa nimevuta karibu mara nne ya ile inayoruhusiwa.

Nikamwambia: "Lakini ilikuwa nyepesi! Niliinyanyua na mikono yangu."

Muzee akaweka bic chini. "Ile furaha yako njo ilitaka kukuua."

Na hapa njo nataka vijana wasikilize. Remorke ni kama mizani. Magurudumu njo katikati. Kama uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu, shingo inakuwa nyepesi, inanyanyua mukia wa pikapu, na kintu chote kinaanza kucheza kama mukia unaotikisa imbwa. Bwato ni mubaya zaidi kuliko remorke ya mahindi, kwa sababu motere yake inakaa mwisho kabisa. Na sisi tuliongeza mifuko sita palepale. Shingo inapaswa kulemea juu ya pikapu. Kwa remorke nzito za namna hii hesabu inayojulikana ni kilo 10 mpaka 15 kwa kila 100 ya uzito wote. Kila pikapu tena iko na kipimo chake kisichopaswa kupitwa, kimeandikwa kwenye kitabu ao kwenye chuma chenyewe cha kuvutia. Yetu ilipaswa kulemea kilo 220 hivi. Muntu mumoja hawezi kunyanyua ile. Kama unainyanyua peke yako, usifurahi.

Tukafunga palani kwenye tawi la muti, tukatosha motere. Nayo, nanga, na bateri zikapanda kamyo ya mufanya biashara aliyekuwa anaenda Likasi. Esansi tukaipunguza mpaka litre 20. Hesabu mupya: 2,155. Sasa tupime shingo. Mizani ya nyumbani, ile ya kusimama juu na miguu, haifiki kilo 220, itavunjika. Muzee akanionyesha: weka ubao munene, upande mumoja juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani. Toka tofali mpaka mizani, sentimetre 90. Shingo ya remorke ikae sentimetre 30 toka kwenye tofali. Namba utakayosoma, zidisha mara tatu. Tukasoma 118. Mara tatu: 354!

Unaona sasa. Jana ilikuwa nyepesi mno, leo nzito mno, kwa sababu tulitosha uzito wote wa nyuma. Kama ningeenda hivi, mukia wa pikapu ungelala chini, na magurudumu ya mbele yangekosa kushika barabara. Muzee akafungua mabulo yanayoshika magurudumu ya remorke, tukayasogeza mbele sentimetre 25, akakaza. Tukapima tena: 74, mara tatu 222. Akasema: "Hapo." Aliandika vilevile na makala kwenye chuma ya remorke kwamba siku motere itarudi, magurudumu nayo yarudi kwenye fasi yake, na kupima upya.

Kazi ingine ilituchukua siku mbili. Tulijaza kipompi mafuta, tukatosha upepo kwenye tuyo, tukabadilisha bitambaa vya freni. Rulema za magurudumu zilikuwa na mafuta iliyokauka kama sabuni, tukaziosha na kuzipaka mupya. Pine, zile nilizopiga teke, zilikuwa na meno muzuri kweli, lakini pembeni zilipasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi. Muzee akasoma namba nne za mwisho pembeni: 3104. Ni juma la 31 la mwaka 2004. Pine ya remorke inakufa na uzee na jua mbele meno haijaisha. Nilinunua nne. Iliuma.

Kuhusu kufunga kwenye pikapu, alinifundisha jambo moja ambalo ninafanya mpaka leo. Kila mara angalia kwanza kama kipimo cha kichwa cha chuma na cha mudomo wa remorke ni kimoja, vimeandikwa juu yake. Yetu vyote vilikuwa 50. Ukisha kufunga, weka kriki chini ya shingo na unyanyue. Mukia wa pikapu ukipanda pamoja nayo, imeshika. Mudomo ukijitosha peke yake, ungekutoka pia barabarani. Kiisha minyororo miwili, ipitane chini kama musalaba, kusudi shingo ikianguka ianguke juu yake, isichimbe lami. Na bwato tuliifunga na mikanda ya kamyo, miwili nyuma na mumoja juu, na munyororo mufupi kwenye pua yake.

Kitu kingine: urefu wa juu. Kabini ile juu ya remorke ilifika metre 3 na nusu karibu. Kwenye migini yetu waya za umeme zinaninginia kama kamba ya nguo. Tulipima na fito, na mupwa wangu akatembea na ile fito mbele yetu kwenye kila fasi ya mashaka.

Siku ya tano tukatoka. Kwenye lami sikupita 60. Mbele ya kila mutelemuko nilirudisha vitesi ya chini nikingali juu, nikaacha motere ishike, na freni nikaigusa kwa kipande na kuachilia, nisikae juu yake mpaka inuke. Nilijiachia metre nyingi mbele yangu, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Kwenye kona nilienda mbali mbele ya kukata, kwa maana remorke inakata ndani. Kisha kilometre 50 tulisimama: kukaza nati za magurudumu, kuangalia mikanda, na kugusa kila kibao cha gurudumu na mugongo wa mukono. Yenye moto kupita ndugu zake inakuambia kwamba rulema yake ao freni yake iko na ugonjwa. Bwato ilitufwata kama mbuzi anayejua nyumbani. Likasi tulipita kwenye baskile ya mutu wa mahindi: 2,180. Karatasi ya muzee ilikosea kilo 25 tu.

Kapolowe walitungojea, safari hii bila chakula. Motere ilikuwa imefika na kamyo, tukaifunga tena, na magurudumu ya remorke tukayarudisha. Toka mission mpaka maji ilikuwa njia fupi ya udongo, nilienda na vitesi ya kwanza. Watu wengi walikuja kuona, na mbele ya watu wengi ndipo kurudi nyuma na remorke kunakuwa haya kubwa. Muzee sudere alikuwa amenipa dawa: shika usukani chini, si juu. Unataka remorke iende kushoto, peleka mukono kushoto. Kuume, kuume. Kidogo-kidogo, na ukiona imejikunja, usibishane nayo, enda mbele unyooshe, uanze tena. Nilianza mara tano. Watoto walihesabu kwa sauti.

Mupe alitaka tuishushe mara moja. Nikaomba tungojee nusu saa. Vibao vya magurudumu vilikuwa bado na moto, na chuma ya moto ukiizamisha mu maji ya baridi inanyonya maji ndani ya rulema. Nikachomoa waya wa taa. Nikafunga freni ya mukono, nikaweka vipande vya muti chini ya magurudumu ya pikapu. Nikafungua mikanda ya nyuma, nikaacha ya mbele. Nikafikiri nimemaliza yote. Nikapanda, nikaanza kurudi nyuma mpaka maji ikafika kwenye magurudumu ya remorke.

Mupwa wangu, na kitambaa cheupe kichwani, akapiga bati ya pikapu na mukono. "Mujomba! Mujomba, simama!"

Nikasimama. Akaja kwenye dirisha, akafungua mukono wake. Ndani mulikuwa kizibo cha shaba cha tundu la chini ya bwato, kile nilichotosha mimi mwenyewe kwenye kiwanja cha kapela kusudi maji itoke, na kumupa anichungie. Alikuwa nacho mufukoni siku zote tano.